Fulana za Mzee Zephania

Ernesta ananiudhi kwa mambo mengi, na la kwanza ni mbwa wake kubweka kila ninapompima mtu kiuno. Mimi ni fundi cherehani hapa Same, ukuta mmoja na kibanda chake, kwa hiyo maisha yake nayajua nitake nisitake. Alishuka kutoka Suji baada ya kufiwa na mumewe, akaanza na beseni, sabuni na dawa ya kupe. Tulimcheka. Nani atamlipa mtu amwogeshee mbwa? Kumbe wenye maduka wana mbwa wa ulinzi, na mbwa aliyejaa kupe halindi kitu. Wakaja, na baadaye wakawa wanamwachia mbwa hao wanaposafiri.

Kuogesha peke yake hakukumtosha, akaongeza mikanda ya shingoni yenye jina la biashara yake, Ernesta Mbwa na Paka. Ikanunuliwa. Akanogewa, akataka na fulana zenye picha ya mbwa. Hapo Isihaka wa duka la vifaa vya ujenzi, mteja wake mkubwa, akamwambia waziwazi.

"Mkanda nanunua, dada. Lakini fulana ya mbwa siivai. Weka mtu, afadhali."

Akaweka mtu. Mzee Zephania wa Vudee alikuwa akishuka siku za gulio na mbwa wake Shujaa, na alikuwa na uso unaopendeza kuutazama. Alipoombwa picha alichana nywele, akacheka.

"Nipige haraka, mwanangu, kabla meno hayajaisha."

Fulana zikaja kutoka kwa mchapaji, nyeupe, uso wa mzee umejaa kifua kizima, na jina la biashara chini kwa herufi ndogo. Nchi hii kila mtu anajua fulana ya namna ile huvaliwa wapi. Ernesta naye anajua, ameshavaa ngapi misibani! Lakini siku zile alikuwa anaona wateja tu.

Mzee akaenda Moshi kufanyiwa upasuaji, akamwacha Shujaa kwa Ernesta. Ernesta akaona hiyo ndiyo nafasi ya kujitangaza milimani. Akakodi pikapu, akawavalisha vijana fulana, akampakia na Shujaa, wakapanda Vudee.

Mama Priska, mke wa mzee, alikuwa shambani. Aliona gari linasimama, mbwa wa mumewe anaruka bila mumewe, na nyuma yake vijana wanashuka kwa sare, kila mmoja na uso wa Zephania kifuani. Akaangusha jembe, akapiga yowe. Kilio kikapokelewa mlima mzima. Simu ya mzee haikupatikana, kwa maana alikuwa chumba cha upasuaji.

"Mzee hajafa!" Ernesta alipiga kelele. "Jamani, hajafa!"

Wakamshika mikono, wakamkalisha mkekani. "Pole, mwanetu," wakamwambia. "Jikaze."

Udongo wa kule una mawe, kaburi huanzwa mapema. Elirehema, mdogo wake mzee, alikusanya wanaume wakachimba kando ya migomba. Jua lilikuwa limeshainama simu ya Ernesta ilipoita, na aliyekuwa anapiga ni mzee mwenyewe, sauti ya usingizi, anauliza kama Shujaa anakula vizuri.

Sasa, katika ukoo ule kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wakang'oa mgomba mchanga, wakauvalisha fulana moja ya Ernesta, wakauzika. Hakuna aliyeimba.

Mzee aliporudi amepona alisimama pale kaburini, akacheka mpaka akashika mshono. Cheko lile halikudumu. Habari ilikuwa imefika mjini, na watu wakazigombania fulana za mtu aliyezikwa akiwa hai. Wenye magari walikuwa wanasimama barabarani kuziulizia. Biashara ya Ernesta haikuwahi kunyooka vile, na nasema ukweli, nilimwonea wivu. Uso wa mzee ukawa unapita mbele yetu juu ya bodaboda, nyuma ya mkokoteni, dirishani mwa basi. Watoto walimkimbia mzee mwenyewe. Mama Priska alikuwa akimgusa miguu kila alfajiri kuona kama ina joto. Mzee akaanza kukonda.

Siku moja alikuja kibandani, Shujaa nyuma yake. Nilisimamisha cherehani.

"Mwanangu, nitoe kwenye hizo nguo," alisema. "Kila nikigeuka najiona nakuja."

Ernesta alilia. Hakuchapa nyingine tena. Alizunguka mji akiwabembeleza watu wamrudishie, akawapa mpya zisizo na sura, na za mzee akazitia kwenye gunia. Ikabaki moja, ile ya ardhini. Mzee alichukua jembe aifukue mwenyewe, Ernesta akaandamana naye. Walikuta kaburi limepasuka katikati na chipukizi la mgomba limetoka, bichi kabisa. Ernesta alirudi nyuma. Mzee akaweka jembe chini.

"Usiuguse. Ukiukata huu umenikata mimi."

Tangu hapo akala, akanenepa, akawa anaumwagilia kila siku. Ukame wa mwaka jana ulipokausha ndiva, bwawa lao la maji, Ernesta alikuwa akikodi gari kupeleka madumu Vudee. Nilimsema.

"Ernesta, wewe unaimba kwaya. Unamwagilia kaburi?"

"Namwagilia mgomba."

"Basi mbona unahesabu madumu kama dozi ya mgonjwa?"

Akapandisha dumu jingine garini. Niliona aibu kwa swali langu, na niliogopa pia.

Juzi mzee ameshuka gulioni, anatembea polepole, Shujaa anamngoja kila hatua. Tukampa shikamoo. Akakaa kwenye benchi la kusubiria mbwa.

"Umetoa mkungu," alisema.

 Mtu yeyote wa milimani anajua mgomba huzaa mara moja, ukishazaa unakatwa. Ernesta alianza kusema kwamba mgomba ni mgomba tu, lakini mzee akamkata kauli.

"Zile fulana," mzee akauliza, "ulizichoma?"

"Hapana, baba. Zipo."

"Vizuri. Usizichome." Akatabasamu, yale meno ya picha yamebaki machache. "Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili. Waache waseme, lakini ukoo wangu hautaingia gharama ya sare."

Akampigapiga Shujaa kichwani, akaacha kamba yake mkononi mwa Ernesta, akaondoka peke yake.

Jana nilitafuta pasi yangu ya mkaa sikuiona. Nikaenda kibandani. Ernesta alikuwa amefunga biashara mchana kweupe, gunia liko wazi miguuni, Shujaa amelala juu ya kamba yake. Alikuwa anazipiga pasi moja moja, amezigeuza ndani nje, asije akauunguza uso.