Mama Mkwe Alinikuta Mlangoni mwa Choo

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili asiwepo wa kuniambia sijui. Lakini si langu peke yangu, na wenzangu nitawataja mmoja mmoja, jina langu tu ndilo mtanisamehe.

Siku yenyewe nilikuwa nimeketi nyumbani kwa Mzee Nandwa, karibu na Lugulu, na paja la kuku mkononi. Nilikuja kumalizia maneno ya ng'ombe nimchukue binti yake, Nanjala. Wazee wangu upande huu, wazee wao upande ule, maneno yanakwenda kama mafuta. Nje tukasikia mayowe.

Ni mama mkwe! Anapiga kelele kutoka chooni, anasema, "Mkwe yuko ndani! Mkwe ananitazama!"

Wazee wote wakageuka kunitazama. Mimi hapo na paja langu.

Wakatoka na fimbo, nami nikawafuata, maana nilitaka kumwona huyo mkwe mwingine aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Upande wa ndani palikuwa na bati limepigwa misumari, na kwenye bati amechorwa mtu anatoka kichakani, anafunga suruali, anacheka, nzi wanamfuata. Mzee Nandwa akatazama bati. Akanitazama mimi. Akarudi kwa bati. Akashika ukosi wa koti langu kwa vidole viwili, akasema polepole, "Na koti ni hili hili."

Ndugu msomaji, wewe kama si wa huku kwetu huenda unacheka tu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mwaka mzima nilikuwa nikimwona mbele njiani naingia kwenye mahindi ya watu, nasimama humo na siafu mguuni mpaka apite. Adabu hiyo yote! Kisha anakwenda kuchuchumaa, anainua macho, na mimi niko pale nafunga suruali.

Sasa nieleze nilivyofika kwenye bati.

Mimi nilipigana Burma. Nilitoka hai na kovu kwenye kidevu, wenzangu wengi hawakutoka. Shule sikusoma sana, lakini jeshini waliniweka kupaka malori rangi ya kujificha, na tangu nirudi hapa Kibomet nimekuwa mtu wa kuwaambia watu habari za rangi. Ukipaka mkokoteni wako bila kuniuliza, nitapita hapo nitikise kichwa mpaka uulize. Huo ndio ugonjwa wangu.

Karani wa afya wa Bungoma, Simiyu, aliujua ugonjwa huo. Ndiye mkosaji wa kwanza. Alikuwa amepewa picha za kufundisha watu wachimbe vyoo. Picha yenyewe ilikuwa mistari myeusi tu juu ya karatasi nyeupe, mtu wanamwita Bwana Vichaka, na ilitakiwa ipakwe rangi hapa hapa ili watu wa huku wamwone kama mtu wa huku. Itakayoshinda itanakiliwa kwenye mabati, yapigiliwe vyooni kwa wale waliochimba vizuri. Simiyu akawapa watu watatu picha ile ile, kisha akaniita sokoni Bungoma niseme ipi nzuri. Mimi! Nilikwenda nimevaa koti langu la jeshi, nikatembea kama bwana shamba.

Ya kwanza ilikuwa ya Kibet wa Kapsokwony. Mtu wa mlimani, amependa kijani. Kichaka chake kilikuwa kizuri mpaka unasikia umande, kila jani na kijani chake. Lakini mtu mwenyewe amepakwa rangi ya shina la mti, uso na mikono na suruali, yote moja. Nikamwambia Simiyu huyu ameshapotea, tulete mbwa wamtafute. Soko likacheka. Kibet naye akacheka, ana moyo safi.

Ya pili ya Wafula, fundi wa kuandika majina ya maduka. Yeye alitumia rangi zilizobaki kwenye makopo. Suruali nyekundu ya kibao cha bucha, koti la buluu, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Uso ameuchanganya na nyeupe nyingi mpaka Bwana Vichaka anafanana na mtu anayetoka saluni. Nikasema huyu anakwenda arusini. Tukiwaonyesha watu mchafu aliye safi namna hii, hata wenye vyoo watahamia porini. Wakacheka zaidi. Wafula hakucheka.

Ya tatu ilikuwa ya Nanjala.

Hapa ndipo ninaposikia uchungu. Nanjala huwa anapaka kuta za nyumba, wanawake wa mbali wanamwita. Hakutumia kopo. Alitumia udongo mwekundu wa kichuguu, ule mweupe wa mtoni, majivu na masizi ya chungu. Vumbi kwenye miguu ya yule mtu lilikuwa vumbi la kweli. Nzi aliwagusia kwa masizi, kidole kimoja, basi, lakini ungetaka kuwafukuza kwa mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona aibu kidogo, na hakuwa mtu ninayemjua. Niliiona kuwa ndiyo. Naapa niliiona.

Lakini soko lote lilijua namposa. Nikaogopa wataniambia nampendelea mchumba. Tena kicheko cha watu ni kitamu kama pombe ya busaa, ukishaonja unataka kata ya pili. Nikasema, "Huyu si mtu, huyu ni ukuta. Mvua ikinyesha mara moja Bwana Vichaka anabaki mistari."

Walicheka mpaka mama wa samaki akashika mbavu. Nanjala akakunja karatasi yake taratibu.

Ndipo Wafula, mkosaji wa pili, akanitega. Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Basi mzee wa Burma, tufundishe. Kaki chafu ni rangi gani?"

Mtu mwenye akili angesema kaki chafu ni kaki chafu. Mimi nilifungua mkono nikaonyesha koti langu. Nikamwambia kaki si rangi moja. Begani jua limeilamba imekuwa kama majani makavu. Kwapani ni nyeusi ya chai. Hapa kifuani ni samli, samli inakula rangi. Mfukoni pameshonwa kwa uzi wa buluu. Wafula anachanganya, anakunja jicho moja, anasema, "Geuka kidogo, mzee." Nikageuka! Nikaendelea na uso. Nikamwambia ngozi ya mtu aliyepigwa na jua haipakwi brashi moja kama mlango. Paji linang'aa, chini ya jicho kuna zambarau, na kama ana kovu, kovu hubaki na wekundu wake. Nikaweka kidole kwenye kidevu changu ili aone mahali.

Simiyu alinipa karatasi ya pili ya Wafula ikiwa bado mbichi. Nikaitazama kwa jicho la jeshi. Nikasema mbele ya watu wote, "Hapo sasa. Huyu ni mtu."

Soko likacheka kicheko ambacho sikukielewa. Mimi nyumbani nina kipande cha kioo cha kunyolea ndevu, kinaonyesha shavu moja kwa wakati. Ningejuaje mashavu yangu yakikutana yanakuwa nini? Nanjala pekee aliniuliza kama nimemtazama vizuri yule mtu. Nikamwambia aache wivu wa ukuta wake. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Wafula akanakili kwenye mabati, Simiyu akayapeleka. Mama mkwe alikuwa amechimba choo cha mfano, mlango wa mbao, kifuniko, kila kitu. Kwa hiyo akazawadiwa bati. Simiyu alilipigilia asubuhi ya siku ile ile ya wazee wetu, akalipigilia ndani, ati aliyechuchumaa apate muda wa kujifunza.

Wazee walikaa tena baada ya mayowe. Kuku alipoa. Mzee Nandwa alisema hakuna mwanamume atakayeoa binti wa mama aliyejifunua mbele yake. Nikasema sikuwa mimi, ilikuwa rangi. Mzee mmoja wa upande wao akaniuliza nani alichagua rangi hiyo. Wakaamua: bati litoke, kondoo achinjwe wa kuosha aibu, ndipo nirudi kuzungumza. Simiyu alipoambiwa alitoe, akasema ni mali ya serikali, atakayeling'oa atafungwa. Wafula akasema anaweza kubadilisha uso, lakini hafanyi kazi kabla fundi wa Burma hajakubali rangi.

Nilimpata Nanjala kisimani. Nikataka kumwomba msamaha, nikaanza na habari za Simiyu na Wafula. Akaweka mtungi chini, akasema, "Wangu hakufanana na mtu yeyote." Akajitwika mtungi, akaenda.

Siku hizi natembea Lugulu, wanawake nisiowajua wananiinamia kichwa kwa heshima kisha wanaziba midomo. Wameniona wote. Hata Kapsokwony niko, Kibet ameniambia, ati huko wananiamkia asubuhi. Na mama mkwe, mwenye choo kizuri kuliko vyote, amerudi kwenda vichakani.

Wewe unayesoma, ukiitwa kuhukumu kazi za watu, usipunguze ya mtu wako ili uonekane huna upendeleo. Iliyo nzuri iite nzuri, wacha wakuseme. Na usifundishe uchafu kwa koti ulilovaa.

Lakini kulipa peke yangu nakataa. Mimi nilitoa mdomo. Simiyu alitoa misumari, na Wafula alijua tangu brashi ya kwanza anampaka nani, ndiyo maana alininyamazia. Basi Simiyu, njoo na nyundo yako. Wafula, mlete huyo kondoo. Mkutane mbele ya Mzee Nandwa mchana, watu wakisikia, mseme ni nani aliyeniweka mlangoni. Nanjala hataningoja mpaka bati lile lishike kutu. Nawauliza hapa, mbele ya kila anayesoma: mnakuja lini?