Milamula Niliyoihamisha

Ndugu yangu alikataa pikipiki. Tulikuwa tumesimama Rwamishenye, pembeni mwa mji, jua likiwa bado chini juu ya ziwa, na kijana wa bodaboda alikuwa ameshawasha chombo chake.

"Wazee wangu, siku hizi barabara inafika mpaka huko. Saa moja tu nawashusha mlangoni."

"Tunakwenda kwa miguu," ndugu yangu alisema.

"Kupitia msituni? Waitu, waheshimiwa, padri kawapa kitubio gani?"

Wenzake waliangua kicheko. Ndugu yangu naye alicheka, akamgonga yule kijana begani kwa fimbo yake. Mimi sikucheka. Nilishika mfuko wa chakula, nikatangulia njia ya mlimani ili wasinione uso.

Ni mdogo wangu kwa miaka minne. Anaishi Ijumbi, kule Muleba, na alikuwa amekuja kwa basi jana yake, akalala kwa binti yangu, mtaa wa Hamugembe, ninakokaa tangu mke wangu alipofariki. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia, "Njoo twende nyumbani. Kuna neno la mpaka nataka tulimalize." Akasema, "Nitakuja. Lakini nilitoka kule kwa miguu, na nitarudi kwa miguu." Neno lenyewe hakuliuliza. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Nyumbani ni kijiji kilicho nyuma ya vilima, mwendo wa siku nzima kwa miguu ya wazee. Hapo pana kibanja cha baba yetu, migomba na kahawa, na kaburi lake katikati ya migomba. Mwanangu ndiye anayekaa hapo sasa. Nilikuwa nimepanga kumwambia ndugu yangu neno langu njiani, sisi wawili tu, miti ikiwa shahidi. Nilitumaini kwamba akishanisamehe huko juu, tukifika kijijini hatutahitaji kusema mengi mbele ya watu. Huo ndio mpango niliopanda nao mlima ule.

Mwanzo wa njia ni mawe matupu na nyasi za rweya, yale maeneo ya wazi ambayo wazee wetu waliyaacha kwa malisho na majani ya kutandika nyumbani. Ukigeuka nyuma unaona mabati ya mji, kisha ziwa, na visiwa vikiwa kama vimepandishwa juu ya maji. Hatukugeuka mara nyingi. Goti la ndugu yangu limevimba miaka mingi, na mimi kifua hubana nikipanda. Tulipumzika kila baada ya hatua hamsini, kila mmoja akisingizia mwenzake.

"Pumua, kaka. Usije ukanifia hapa, nitakubeba na nini?"

"Goti lako ndilo linalotuchelewesha."

"Goti langu limetoka Ijumbi bila kulalamika. Limeanza kulalamika lilipokuona wewe."

Saa tatu tuliingia kwenye misonobari. Sehemu kubwa ya ile miti niliisimamia mimi. Baada ya kumaliza kidato cha nne niliajiriwa kuwa msimamizi wa vibarua katika shamba la miti, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba, kupigilia vigingi, na kuhakikisha kila mche uko mahali pake. Ndugu yangu alisimama akaangalia ile mistari inavyokwenda mpaka gizani.

"Hii yote wewe?"

"Na vibarua."

"Imenyooka," alisema. Alitega sikio. "Lakini mbona hakuna ndege?"

Ni kweli chini ya misonobari hakuna ndege, wala mdudu, wala majani ya kumtosha mbuzi mmoja. Unasikia upepo ukipita juu sana, na hatua zako mwenyewe huzisikii kwa sababu ya sindano zilizotanda ardhini. Tulitembea hivyo kwa muda mrefu. Nilianza kusema mara tatu, na mara zote tatu nikamalizia kwa habari ya hali ya hewa.

Nieleze kosa lenyewe, kwa kuwa msomaji asiye wa kwetu anaweza kuliona dogo.

Kwetu mpaka wa kibanja ni mlamula. Ni mmea wa shina jembamba na majani marefu, haufi kwa jua wala kwa mvua, na hakuna mtu wa kwetu anayebishana nao. Ulipo mlamula, hapo ndipo mwisho wako. Baba alitugawia akiwa hai, mbele ya majirani: sehemu ya juu yenye nyumba ilikuwa yangu, mimi mrithi mkuu, na sehemu ya chini ilikuwa ya mdogo wangu. Katikati ilisimama milamula saba. Upande wake, pembeni kabisa mwa mpaka, palikuwa na zizi la zamani la baba. Ardhi ya pale ilikuwa nyeusi kwa samadi, na migomba yake ilizaa mikungu ambayo mtu mmoja hakuweza kuishusha. Niliitamani ardhi ile tangu siku ya mgawo.

Baba alipofariki tulikaa matanga. Kwetu siku za matanga jembe haligusi ardhi. Wafiwa hawalimi, majirani hawalimi, hata wa kijiji cha pili huona aibu kulima. Siku ya tatu, alfajiri, watu wakiwa wamelala kwenye majani ndani ya nyumba, nilichukua jembe. Niling'oa ile milamula saba, mmoja mmoja, pamoja na udongo wake, nikaihamishia chini, ng'ambo ya zizi. Kibanja hufunikwa kwa majani makavu wakati wote, kwa hiyo nilirudisha majani juu ya mashimo, nikafunika na mahali papya, na asubuhi ile mvua ikanyesha. Nilinawa miguu nikaenda kukaa na waombolezaji. Kaburi la baba lilikuwa halijakauka.

Ndugu yangu aliona baada ya wiki moja, akaita wazee. Wazee walikuja, wakaitazama milamula, ilikuwa imeshika. Wakamuuliza, "Unasema imehamishwa. Lini? Kabla ya msiba baba yako alikuwepo. Baada ya msiba ilikuwa matanga. Ni Mhaya gani anayeshika jembe wakati wa matanga ya baba yake?" Waliponiuliza mimi nilijibu, "Milamula ipo, iulizeni yenyewe." Nilijivunia jibu lile miaka mingi.

Walimwambia amemtukana marehemu. Wakaamuru alete rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuniomba radhi. Aliileta. Alipiga magoti mbele yangu na ile pombe, nami nikanywa. Kuanzia siku hiyo walimwita mla mipaka. Hata kisimani wanawake walimnyamazia mkewe. Kabla ya mwaka kuisha walibeba vyombo vyao kichwani, wakapita njia hii hii ya vilima ili wasikutane na watu, wakaenda Ijumbi, ambako wajomba zetu waliwakatia mahali. Nilikuwa kazini msituni siku hiyo. Nimeambiwa walipita karibu nami, upande wa pili wa mistari.

Adhuhuri tulishuka bondeni, tukavuka kijito kwenye gogo, tukaketi. Binti yangu alikuwa ametufungia ndizi na maharage kwenye jani la mgomba. Ndugu yangu alikula taratibu. Alipomaliza alivua kiatu akaanza kutoa sindano za misonobari zilizoingia ndani. Hapo nikasema.

"Ile milamula niliihamisha mimi. Siku ya tatu ya matanga."

Aliendelea kukung'uta kiatu.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

"Kumi. Kumi na mbili labda."

"Kumi na tatu," alisema. "Nilizipima."

Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia kwamba sikuwa na usiku mmoja wa amani, na hapo nilidanganya tena, kwa sababu kuna miaka nililala vizuri kabisa. Nikajisahihisha. Nikamwambia ukweli: kwamba nilianza kukosa usingizi nilipozeeka, nilipoanza kuzika watu wa rika langu. Nikamwomba anisamehe pale pale, tuyamalize, kisha twende kwa kijana wangu tukapande mpaka upya kimya kimya.

Alivaa kiatu. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

"Kaka, mimi unaniambia nini? Mimi sijawahi kukosa kujua. Waliokosa kujua ni wao."

"Wale wazee wote wamekufa."

"Yule mama wa chini hajafa. Mke wa jirani yetu. Alikuwepo nilipopiga magoti."

"Ana miaka tisini. Hasikii vizuri."

"Basi utapaza sauti," alisema, akasimama.

Mbele kidogo ya kijito njia inagawanyika. Mkono wa kushoto unatokea kwenye barabara ya magari, na kutoka pale nilizisikia pikipiki zikipita. Mkono wa kulia unapanda kilima cha mwisho. Nilisimama pale panapogawanyika. Kifua kilikuwa kinabana kweli, na nilijua kwamba nikisema siwezi kuendelea hakuna atakayenilaumu, hata yeye. Ningepata pikipiki, ningerudi Hamugembe, ningelala. Nilikuwa nimeshatubu, si nimeshamwambia? Ndugu yangu hakusimama kunisubiri wala hakunitazama. Alipanda kwa goti lake bovu, akiegemea fimbo, na kadiri alivyokwenda ndivyo nilivyoona kwamba atafika kijijini peke yake, mla mipaka yule yule, na mwanangu atamkaribisha kwa adabu kama mgeni. Nikamfuata.

Tulifika jua likiwa limeanza kulegea. Mwanangu alitukimbilia kwenye migomba, akapiga goti kidogo kumwamkia baba yake mdogo, akaniuliza kama nina wazimu kumtembeza mzee mwenzangu msituni. Alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama wageni wanavyokaribishwa. Ndugu yangu aliishika punje yake mkononi, hakuitia mdomoni.

"Mwite mama wa chini," nilimwambia mwanangu. "Na majirani uwaonao. Tukutane kwenye milamula."

Walikuja watu wanane au tisa. Yule mama aliletwa na mjukuu wake, akaketi kwenye kigoda. Mbele yetu ilikuwa milamula saba, mirefu sasa kuliko mtu, na nyuma yake, juu ya ardhi ya zizi la zamani, banda la ng'ombe ambalo mwanangu alilijenga kwa jasho la miaka mitatu. Sikuwa nimemwambia neno lolote. Hilo nalo ni kosa langu, na nililitambua niliposimama pale.

Nilianza kwa Kiswahili. Nilisema kwamba mbele yao wote napenda kurekebisha jambo fulani kuhusu mpaka huu, ambalo halikwenda sawasawa wakati ule. Nilisema kama nilivyokuwa nikiwahutubia vibarua. Yule mama aliinua mkono.

"Huyu anasema nini? Anasoma barua?"

Watu wakacheka kidogo.

"Wewe mwana wa jirani yangu," aliniambia kwa Kihaya, "uongo wako ulituambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kihaya, mama."

"Basi na ukweli useme hivyo hivyo."

Kwa Kihaya hakuna mahali pa kujificha, angalau kwangu. Ni lugha niliyofundishwa na mama, na sijui namna ya kuitumia kiofisi. Nilisema: niliiba. Niliiba ardhi ya mdogo wangu. Nilishika jembe kwenye matanga ya baba. Alisema kweli, mkamwita mwongo, nami nikanywa pombe yake. Nilisema kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio ya yule mama, hata wapita njia walisimama.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alishika kichwa, akasema, "Kwenye matanga!" Hilo ndilo lililowaumiza kuliko ardhi.

Mwanangu alinitazama, akatazama banda. "Baba, hukuweza kuniambia kabla sijachimba msingi?" Aligeuka akaenda kwa ng'ombe wake.

Yule mama alimwita ndugu yangu aje karibu. Alimshika mkono. Kisha akasema, "Mwanangu, na mimi nilimnyamazia mke wako kisimani. Mwambie."

"Nitamwambia, mama. Bado yuko hai."

Ndugu yangu alipima kutoka kwenye milamula kupanda juu, hatua kumi na tatu, akichechemea, na hakuna aliyemsaidia kuhesabu. Pale alipofika alichora mstari kwa fimbo. Kuhusu banda alisema libaki mpaka ng'ombe wapate mahali pengine. Aliponikaribia nilidhani atanipa mkono.

"Nimesikia," alisema. Basi.

Alipoaga nilimwambia nitamsindikiza mpaka barabarani kwenye pikipiki, jua linazama. Akasema hapana, nikae na watu niliowaambia. Akaondoka kwa njia kubwa, ile inayopita katikati ya kijiji mbele ya kila mlango, na watu wawili watatu wakamfuata. Nilibaki kati ya migomba, simwoni tena, lakini nilisikia. Nyumba ya kwanza alisimama, akaamkiwa, akajibu. Nyumba ya pili mtu aliita jina lake kwa nguvu, nikasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya mzee ikiuliza habari za Ijumbi, za watoto, za goti. Alichukua muda mrefu kufika nyumba ya tatu.