Bolti ya Nne ya Mama Zaina

Nilipohamishiwa Mandawa kutoka Ludewa nilikuja na tabia moja mbaya: kitu kikiharibika, nakitupa. Pasi, redio, viatu, vyote. Siku moja jirani yangu Mama Zaina aliniona nikipeleka feni jalalani. Akaiokota bila hata kuniuliza. Wiki iliyofuata ilikuwa inampepea sebuleni kwake, nami nikaona haya kuitazama.

Jina lake Amna. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikorosho themanini na mashine moja ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ile ya kubeba mgongoni yenye injini ndogo na bomba refu. Marehemu mumewe alimwachia mashine, hakumwachia ufundi. Ufundi aliupata mwenyewe kwa kuifungua na kuifunga, kisha kuifungua tena kila alipokuta nati moja imebaki mkononi. Msimu wa kupuliza, hutoka alfajiri umande ungali kwenye majani ili salfa ishike, na akirudi hanywi chai mpaka aisugue mashine kwa brashi.

"Yeye ndiye aliyefanya kazi," huniambia. "Mimi nilimbeba tu."

Julai hii, maua yakiwa ndiyo kwanza yanachanua, shemeji yake Imrani, mdogo wa marehemu, alikuja kuchukua mashine kwa zamu yake. Injini ile hainywi petroli tupu. Inataka petroli iliyochanganywa na oili, vifuniko kumi vya chupa ya maji kwa lita moja na nusu, na chupa iliyokwisha kuchanganywa Mama Zaina huifunga uzi mwekundu shingoni. Imrani kwa haraka zake akaiacha chupa ya uzi, akatia petroli ya pikipiki. Akapuliza mikorosho sita. Kwenye wa saba injini ikalia mara moja, ikakaza, haizunguki tena.

Aliirudisha, akaiweka mlangoni na kuondoka bila kupiga hodi. Tangu siku ile hatukumwona hata dukani.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Shambani kwa Imrani ubwiriunga ulikuwa umeshaanza, ule ugonjwa unaoyafunika maua kama mtu kayamwagia sembe. Ua likishikwa, hakuna korosho. Shamba la Mama Zaina liko ng'ambo tu ya njia, na chakula chake cha mwaka mzima, pamoja na masomo ya Zaina chuoni, vyote viko juu ya miti ile. Alikuwa na wiki moja, pengine pungufu.

Akaipakia mashine kwenye bodaboda mpaka Nachingwea. Fundi wa huko akafungua bolti tatu za silinda. Ya nne akaizungusha kwa pupa mpaka kichwa kikawa mviringo, spana ikawa inateleza. Akajifuta mikono, akasema, "Mama, hiki ni chuma chakavu."

"Si ukaazime nyingine?" nilimwambia aliporudi.

"Kila mwenye mashine yuko shambani kwake, Mwalimu."

Akaanza. Kila baada ya swala alidondosha mafuta ya taa kwenye bolti ile, akaigonga taratibu kwa nyundo ndogo mara ishirini, akaiacha. Siku ya kwanza nilivumilia. Ya pili nikashindwa. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini ubwiriunga haumngoji mtu! Nikatoka nje nikafoka, "Mama Zaina, igonge kweli kweli!"

"Nikiikata, nimeiua mashine," akajibu bila kuinua kichwa. "Acha mafuta yaingie."

Siku ya tatu, baada ya alasiri, sikusikia nyundo. Nikatoka mbio nikidhani amekata tamaa. Nikamkuta amekaa chini, tupa ya kunolea pembeni. Alikuwa amekichonga kichwa cha bolti pande mbili mpaka spana ikapata pa kushika, na sasa bolti yenyewe ilikuwa kiganjani mwake. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Imekubali," akasema.

Pistoni ilikuwa imechubuka. Akaisugua kwa msasa laini, akasafisha na silinda. Gasketi ya kuzibia silinda ilikuwa imechanika, akaja kwangu kuomba karatasi ngumu. Akaliona daftari langu la maandalio ya masomo, akalipenda jalada lake.

"Wathibiti ubora wa shule wakija nitawaambia nini?"

"Waambie limekwenda kupuliza korosho."

Nikampa. Nakiri nililichana mwenyewe, tena kwa furaha.

Alfajiri ya kesho yake akaibeba mashine, nami nikamfuata na mfuko wa salfa. Tulipofika njiani akalipita shamba lake, akakata kona kuingia shambani kwa Imrani.

"Mama Zaina! Lako hili hapa! Huyu si ndiye aliyeiharibu?"

"Upepo unatoka upande gani, Mwalimu?"

Ulikuwa unatoka kwa Imrani kwenda kwake. Ubwiriunga ungeletwa na upepo huo.

Imrani alikuwa amesimama katikati ya miti yake, mikono mitupu. Alipotuona akainamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe."

Mama Zaina akamsogelea. Akaitua mashine, akampa chupa yenye uzi mwekundu, akamtazama akitia. Kisha akamshikisha kamba ya kuwashia.

"Vuta."

"Siigusi tena, shemeji. Wallahi."

"Nimesema vuta."

Akavuta. Kimya. Akavuta tena, ikakohoa, akamgeukia shemeji yake kwa hofu. Mara ya tatu ikanguruma, na mtu mzima yule akacheka huku analia, hajali kama namtazama. Mama Zaina akainama kwanza kuisikiliza injini, sikio karibu kabisa. Aliporidhika, akambebesha mashine mgongoni, akamkazia mikanda yeye mwenyewe.

"Anza na ule wa saba," akamwambia.