Maneno ya Sitara

Mkinitajia Husna, jueni mtachelewa muendako, maana nikianza kumsifu simalizi. Meza yake ya viatu vya watoto imepakana na yangu ya jinzi hapa soko la Mchikichini, na bintiye Sitara amekulia katikati yetu, ndani ya boksi kubwa lililotandikwa kanga.

Alikuwa mtoto mkimya, na soko zima tulimsifu. "Mpole huyo, hana usumbufu kabisa!" Husna aliuza kutwa, akirudi chumbani kwake mtaa wa Gerezani yuko hoi, hata kuongea hawezi. Sitara akapita miaka miwili hajasema hata "mama".

Nikamsindikiza kliniki. Nesi akampima mtoto masikio, yakawa salama.

"Hazungumzishwi huyu, mama," akasema. "Ubongo wake unakua sasa hivi, unataka maneno. Mwongeleshe."

Tulipofika mezani Husna akaniambia, "Dada, watoto wa wenye nazo wana vitabu vya picha na mayaya wa kuwasimulia. Mimi nina nini?" Akawatazama watu waliokuwa wakisukumana sokoni. "Nina hawa."

Basi tangu hapo, ukitaka bei kwa Husna, unamsalimia Sitara kwanza, unamweleza na kiatu unamtafutia nani. Wengine walicheka. Wengine walimwona chizi, wakaenda meza nyingine. Nilimgombeza, "Utakufa njaa, wewe!" Hakunisikiliza, na mimi mwenyewe nikajikuta namsimulia mtoto habari za jinzi. Maneno yakaanza kudondoka moja moja: mama, kiatu, chekundu; sentensi nzima bado.

Juzi dada mmoja alibishania bei wee, akarudisha kiatu, akageuka kuondoka. Sitara akasimama.

"Shangazi, mbona unaenda? Mtoto wako atavaa nini?"

Husna aliangua kilio pale pale. Mimi nikapiga vigelegele mpaka wauza mashuka wakaja kuuliza harusi ya nani. Sioni aibu kusema nilijivuna utadhani nimemzaa mimi.

Yule dada alirudi, akachuchumaa mbele ya mtoto. "Mwanangu anaitwa Heriel," akamwambia. "Miguu yake inakua kila siku."

Sitara akafikiri kidogo. "Kwa nini inakua?"

Dada wa watu akatutazama, akicheka.

"Mjibu," Husna akamwambia, huku akijifuta machozi. "Mjibu vizuri."