Kome Kabla ya Kilio

Binti yangu alinipeleka Brussels kwa siku nne, na mpaka leo watu wa Yeoville wananiambia nina bahati. Nawajibu asante. Ningefanya nini? Mtu aliyepandishwa ndege na mwanawe kisha akalalamika huonekana hana shukrani, na mtaani kwetu sifa kama hiyo hutembea haraka kuliko teksi.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, na nimeshona hapa Yeoville, Afrika Kusini, zaidi ya miaka ishirini. Mama yangu alifia Bukavu miaka miwili kabla ya safari hiyo. Sikumzika. Nilikuwa bado na karatasi za ukimbizi, na mwenye karatasi hizo akirudi alikokimbia anazipoteza. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ndiye pekee niliyebaki naye wa tumbo moja, na yeye pia hakumzika. Yuko Ubelgiji tangu ujana wetu, anatunza wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee, na alisema kazini hawakumpa ruhusa. Mama za watu wengine huogeshwa na yaya kila asubuhi. Wetu aliogeshwa na majirani.

Kwetu, ndugu wakikutana kwa mara ya kwanza tangu wafiwe, hawaanzi na habari za safari. Wanakaa chini, wanashikana, wanalia kwa sauti huku wakimtaja marehemu. Wakishalia wananawa uso, ndipo chakula kinaletwa. Ukila kwanza, umesema msiba umepita. Ndiyo maana wamama wa kanisa letu, wengi wao watu wa Kivu kama mimi, walipokuja kunipa pole walikaa nami siku tatu, kisha wakasema kilio changu wanakiacha wazi. Watakifunga nikishalia na yaya. Miaka miwili nilishona magauni ya harusi za watu huku kilio changu kikiwa bado kifuani.

Pasipoti ya Afrika Kusini ilipotoka, mama alikuwa kaburini tayari. Binti yangu, anayefanya kazi benki, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anataka kunipa zawadi ya Ulaya. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hakisemi. Nikamwambia Ulaya yangu mimi ni yaya. Akasema sharp, yaani sawa, basi ni Brussels. Nikadhani tumeelewana.

Kumbe alikuwa ameandika siku zote nne kwenye simu, saa kwa saa. Tulianza na uwanja mkubwa wenye nyumba zilizopakwa dhahabu. Ni pazuri, sina ubishi. Nilichojiuliza ni dhahabu yote hiyo waliitoa wapi, nikanyamaza, maana siku ilikuwa ya furaha. Kutoka hapo tukaenda kuona sanamu ya mtoto wa shaba anayekojoa. Watu wa kila nchi wamejipanga, simu juu, wanampiga picha. Mtaa wa Hillbrow, jirani na kwetu, watu wanakojoa kwenye kila ukuta na hakuna anayewapiga picha. Nilimwambia binti yangu hivyo, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, nakiri.

Tulikula viazi vya kukaanga vilivyofunikwa mayonezi, tumesimama njiani kwenye upepo. Tulikula gofri, vile vikate vyao vya miraba miraba, zenye sukari mpaka vidole vikanata. Siku ya pili tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo, nikaona sombe, yale majani ya muhogo, nikaona makayabu, samaki wetu wa chumvi, yamepangwa dukani, na wamama wameketi nje wakizungumza kama wa kwetu. Miguu yangu ikaingia yenyewe. Binti yangu akanivuta mkono, akasema kwa Kiingereza chake.

"Mama, please. Hii tunayo Yeoville kila siku. Tumekuja kuonja vya hapa."

Kila asubuhi niliuliza tunaenda lini kwa yaya. Hatimaye yaya akatuma ujumbe: siku ya tatu, saa saba mchana, kwenye mgahawa fulani. Binti yangu akafurahi sana, kwa sababu mgahawa huo huo ulikuwa kwenye orodha yake. Mimi nikajisemea kwamba tutakutana hapo tu, kisha yaya atatuchukua kwake. Dada gani anampokea mdogo wake mgahawani? Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kudhani kwamba yaya bado anaishi kwa adabu za Bukavu kwa sababu mimi naishi nazo.

Siku hiyo nilivaa kitenge cheusi nilichokishona kwa ajili hiyo, nikavaa koti juu yake. Sikunywa hata chai.

Meza zilikuwa zimebanana, zina vitambaa vyeupe. Yaya akaingia, na nilipomwona nikaona paji la uso la mama. Akanibusu shavu hili, shavu hili, shavu hili tena. Nikamshika mikono miwili na sauti ikatoka yenyewe.

"Mama weee! Yaya, mama ametuacha!"

Watu wote wakaacha kula. Mhudumu akaja mbio na glasi ya maji. Yaya akanibana mkono mpaka nikaumia.

"Hapana hapa, mudogo yangu. Batu banatuangalia."

"Basi twende kwako."

"Kwangu ni kadogo. Na bwana iko nalala muchana, anatumikaka usiku."

"Tutakaa hata kwa ngazi, yaya."

"Tutalia siku ingine. Kula kwanza."

Siku nyingine! Nilitaka kusimama niondoke. Lakini alikuwa anavua koti, na jicho la fundi halifumbi. Bitana ya kwapani ilikuwa imepasuka na kushonwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, mishono mirefu ya mtu anayewahi kazi. Yaya huyo alifundishwa kushona na mama yule yule aliyenifundisha mimi. Nikajua hana nyumba ambayo angetaka niione. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ikashinda.

Kome wa baharini wakaletwa kwenye sufuria nyeusi, magamba yamefunguka, mvuke unapanda. Binti yangu akapiga makofi. Akanionyesha jinsi wenyeji wanavyotumia gamba tupu kuchomolea nyama ya kome mwingine. Nikaweka mikono mapajani, sikugusa kitu. Yaya akanitazama. Kisha akachomoa kome mmoja, akampulizia apoe, akanilisha kwa mkono wake mwenyewe, kama mama alivyotulisha tukiwa wagonjwa. Mkono wa mkubwa unaukataaje? Nikafungua mdomo.

Kome alikuwa mtamu. Hilo ndilo nisilojisamehe. Nilikuwa na njaa, alikuwa mtamu, na wa pili nilimchukua mwenyewe.

Binti yangu akatupiga picha, akituhimiza tucheke, tukacheka. Baadaye yaya akatazama saa, akatubusu, akarudi kazini. Binti yangu akaniuliza kama nimefurahi. Maneno yetu aliyasikia, ila maana yake hakuijua, na wa kulaumiwa ni mimi. Sikuwahi kumweleza mila hiyo. Alipokuwa mdogo nilikuwa na haraka tu ya kumfundisha Kiingereza, wasimcheke shuleni.

Siku ya nne tulikwenda kuonja chokoleti. Siwezi kusema ilikuwaje.

Jumapili baada ya kurudi, wamama wa kanisa walitoka ibadani moja kwa moja mpaka kwangu na sufuria ya samaki na fufu, ugali wetu wa muhogo. Wakavua viatu, wakakaa chini. Mkubwa wao akaniuliza.

"Mulilia na yaya?"

Ningeweza kusema hapana. Wangeningoja mwaka mwingine, au wangelia nami hapo hapo, kwa sababu ndivyo walivyo. Lakini binti yangu alikuwa amemtumia kila mtu ile picha, na walikuwa nayo kwenye simu zao, dada wawili wanacheka juu ya sufuria ya kome. Nikisema hapana, Yeoville nzima itajua yaya alikula badala ya kumlilia mama yake. Na itajua nilikula naye.

"Tulilia," nikasema. "Tulilia sana."

Wakamshukuru Mungu. Mkubwa wao akamimina maji kwenye beseni, akaninawisha uso taratibu, wakaimba wimbo mmoja, na kilio kikafungwa. Kisha wakapakua. Mmoja akaniuliza gofri zina ladha gani, nikamweleza, wakacheka. Saa kumi walikuwa wameshakwenda zao, wakiwa wepesi kama watu waliotua mzigo.

Nikaosha vyombo. Mama yangu amefungiwa kilio bila chozi hata moja, na aliyetoa ruhusa ni mimi. Sasa hakuna tena mtu ninayeweza kumwomba alie nami.