Nyumba Baina ya Ami Wawili

Juzi jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Kizingo alifungua mtungi wa matango aliyoyalaza katika maji ya chumvi, na harufu ya shibiti na kitunguu thomu ikapanda ngazi mpaka jikoni kwangu. Nilikuwa nimeshika mwiko. Mchuzi ukaungua chini mimi nikiwa nimesimama pale pale, maana pua, wenzangu, haina adabu, haiulizi kama mtu ana kazi. Ilinichukua moja kwa moja hadi Mji wa Kale, kwenye nyumba yetu nyembamba, kwa Bi Sofia na mitungi yake, na kwenye mwaka ule ambao mimi na mamangu tulikaa ndani kama kuku waliofunikwa tenga.

Nyumba yetu ilibanwa katikati. Upande mmoja alikaa Ami Mbwana, kaka mkubwa wa babangu, aliyewauzia watalii vyombo vya shaba na masanduku ya njumu. Upande wa pili alikaa Ami Saidi, mdogo wao, mwenye watoto wengi na vyumba vichache. Wawili hao hawakuwa wakisemezana tangu mimi sijazaliwa, kisa mlizamu. Naam, mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua darini! Babu yangu alijenga nyumba zote tatu zikashikana, akaweka mlizamu mmoja tu, na ukawa unamwagia mlangoni kwa Ami Saidi. Basi mvua ikinyesha, Mombasa nzima inashukuru, kwetu vita. Babangu ndiye aliyekuwa akipeleka maneno baina yao, huku akiyapunguza makali njiani.

Kisha babangu akafariki, ghafla, na mamangu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato, wala haonekani na mwanamume anayeweza kumuoa. Ami zangu walikuwa wanaume wa namna hiyo. Kwa hivyo walipokuja walisimama ukumbini, na Mama akawajibu kutoka nyuma ya pazia la chumba chake.

Eda ilikuwa ya Mama, lakini niliikaa mimi pia. Asubuhi jirani yetu Bi Sofia alinishika mkono hadi shuleni, mchana akanirudisha, na nikishaingia tu komeo linapigwa. Kucheza nje, hapana. Kwenda kwa Ami Saidi kucheza na watoto wenzangu, hapana. Kwa Ami Mbwana kutazama televisheni, hapana kabisa. Nilipanda kwenye kizingiti cha dirisha la juu, nikabandika uso kwenye nondo, nikawatazama wenzangu wakiruka kamba chini, na nikazijua nywele zao kwa juu kuliko nyuso zao. Jasho linanitiririka, na hakuna anayeinua kichwa. Ala! Mtoto wa darasa la tatu afungwe kwa kosa gani?

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba ami zangu walikuwa wakinitaka. Ami Mbwana alikuja na kashata, akaniinamia kwa sauti ya upole: "Rukia, mwambie mamako akuache uje ukae kwetu. Chumba chako nimekwisha kukipaka rangi." Kesho yake Ami Saidi naye na maandazi: "Usimsikize yule. Ndoo kwangu, una ndugu wa kucheza nao." Mimi nikaona napendwa! Mama alikuwa akizipokea zile sahani kwa shukrani nyingi, mlango ukifungwa akazituma kwa maskini wa msikitini, bila kuniachia hata kipande. Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa, nilimchukia hasa, mtoto mzima na roho yangu.

Aliyetuvunjia upweke ni huyo Bi Sofia. Alikuwa Mpolandi. Aliteremshwa bandarini Mombasa akiwa mtoto mdogo, wakati wa vita vikuu vya pili, pamoja na wenzake waliofukuzwa makwao na Warusi, wakapelekwa nchi za baridi, kisha wakazungushwa dunia mpaka huku. Mamake alizikwa bara, katika kambi ya wakimbizi. Vita vilipokwisha wenzake walitawanyika, yeye akaolewa na karani mmoja wa Mji wa Kale, akasilimu, akazeekea nyuma yetu. Alisema Kimvita kushinda mimi. Kilichobaki cha kwao ni macho ya rangi ya bahari na yale matango yake, ambayo mtaa mzima ulimsengenya kwayo na mtaa mzima ulikuja kuyaomba.

Kila baada ya alasiri alikuja na sindano yake ya kufumia, akaketi karibu na pazia la Mama, akanisimulia kwao. Siku moja alikuja na mkate wa sinia, akauweka mbele yangu, nami kwa pupa nikanyoosha mkono.

"Ngoja," akasema. "Hii ndiyo Polandi zamani. Waiona? Sinia zima, kutoka bahari hii mpaka bahari ile. Huku Wajerumani. Wapiganaji wao walivaa majoho meupe yenye misalaba myeusi, wakajiona hakuna kama wao. Tukawapiga. Baadaye mkubwa wao akaja akampigia magoti mfalme wetu, hadharani, watu wakimtazama. Na huku Warusi. Hao nao jeshi letu liliingia mpaka Moscow, likakaa ndani ya ngome yao."

"Kwani waliwaalika?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akaangusha sindano. "La, mwanangu. Wakati ule ami tulikuwa sisi."

Kisha akachukua kisu. Akaniambia kuwa wakubwa wao walikuwa na baraza, na katika baraza hilo mmoja tu akisema sitaki, basi jambo la wote limekufa. Majirani wakalijua hilo, wakawa wanawapa zawadi hao wa kusema sitaki. Mwisho wakaingiza askari wao, kila mmoja akidai amekuja kuwalinda na mwenzake. Na siku walipopatana, Mrusi, Mjerumani na jirani wa tatu wa Austria, wakaikata. Akakata kipande, akakitoa kando. Akakata tena. Akakata mara ya tatu, sinia likabaki tupu, nami nikaanza kulia, nadhani kwa ajili ya mkate.

"Watu walikwenda wapi?" nikauliza.

"Wende wapi? Walikaa mule mule. Miaka zaidi ya mia nchi haimo hata kwenye ramani, nao wamo ndani, wafundisha watoto lugha yao madirisha yamefungwa. Ikarudi. Kisha nilipokuwa kama wewe, Mjerumani na Mrusi wakapeana mikono tena, ndiyo waniona hapa." Akanifuta machozi kwa ncha ya leso. "Wakigombana wao, sisi twapumua. Wakipatana, mwanangu, hapo ndipo pa kuogopa."

Nilidhani alikuwa akinisimulia mimi. Lakini sauti ile ilikuwa kubwa mno kwa mtoto aliyeketi magotini pake. Aliyekuwa akisimuliwa ni yule wa nyuma ya pazia, na hilo nilikuja kulitambua nikiwa mtu mzima.

Basi eda ikiwa imebaki kidogo kwisha, Ijumaa moja, nikiwa kwenye nondo zangu, nikaona ajabu. Ami Mbwana na Ami Saidi wanatoka msikitini bega kwa bega! Wamevaa kanzu zao safi, mmoja amemshika mwenzake mkono, nyuma yao fundi wa kujenga. Nilishuka ngazi mbio nikipiga vigelegele. "Mama! Wamepatana! Ami zangu wamepatana!" Nilikwisha kuona nimefunguliwa, nimo uchochoroni na kamba yangu. Bi Sofia aliacha kufuma. Uso wake ulikuwa mweupe siku zote, lakini siku ile ulikwisha damu kabisa.

Waliingia, wakasalimu kwa heshima zote, wakaketi. Ami Mbwana ndiye aliyenena. "Shemeji, sisi twakuonea huruma. Nyumba ni kubwa, wewe ni mwanamke peke yako. Tumeonelea tupige kiambaza hapa kati, upande huu uwe wangu, ule wa ndugu yangu. Wewe ukitoka eda wende Lamu kwa mamako upumzike. Na Rukia hatatupika, sisi ndio baba zake. Wiki hii kwangu, wiki ile kwake."

Fundi akatoa futi yake, akaitandaza sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, na futi ikapita baina ya miguu yangu. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, ijapokuwa sikujua naogopa nini.

Pazia halikutikisika. Sauti ya Mama ikatoka taratibu, wala haikutetema. "Ami zake Rukia, ahsanteni. Mimi sitoki." Kisha, "Rukia, ndoo ndani."

Nikaenda. Sijui kwa nini sikubisha siku ile, maana kubisha ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Eda ilipokwisha wakaja wake wa ami zangu, na buibui jipya, na udi, na maneno matamu. "Toka, bibi. Nenda Lamu ukapumue, nyumba tutakuangalilia sisi." Mama aliwanywesha kahawa, akawasindikiza mpaka kizingitini, na hapo akasita. Hakukivuka. Mtaa ukasema huzuni imemzidi, wengine wakasema amepagawa.

Kilichotuokoa kwa wakati ule, mtacheka, ni ngazi. Nyumba ile ilikuwa na ngazi moja tu, na fundi aliporudi kumaliza vipimo, ngazi yote ikaangukia upande wa Ami Saidi. Ami Mbwana akauliza yeye atapanda juu kwa mbawa? Ami Saidi akamjibu apandie kwenye mlizamu. Wallahi, kabla ya magharibi walikwisha kuitana majina ambayo sithubutu kuyaandika, na kesho yake Bi Sofia akatuletea mtungi mzima wa matango. Kesi ikaenda kwa kadhi ikalala huko miaka, kila mmoja akiwa na wakili wake.

Lakini Mama hakutoka. Hakuwaamini, kwa kuwa waliopatana mara moja waweza kupatana tena. Miaka yote hiyo nyumba haikuachwa tupu hata saa moja. Bi Sofia alikufa, na Mama akamlilia dirishani jeneza likipita. Bibi yangu alikufa Lamu, simu ikaja asubuhi, na Mama akafunga furushi, akalishika buibui, akakaa nalo mapajani mpaka basi la Lamu likaondoka Mwembe Tayari bila yeye. Nami nikamwambia neno baya: kwamba amependa mawe kuliko mamake.

Kadhi alikata shauri nikiwa msichana mkubwa, na mimi ndiye niliyekwenda kusikiliza badala ya Mama. Nyumba isigawanywe, ami zangu wapewe haki yao kutokana na kodi ya chumba cha chini. Kisha akaanza kueleza mafungu, nami nikisikiliza kwa sikio moja. Mjane, thumni. Ndugu za marehemu, kinachobaki. Binti wa marehemu, nusu.

"Binti gani?" nikauliza, kwa upumbavu mtupu, na watu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama ameketi kwenye ngazi anachambua mchele. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Miaka yote nilidhani wanaigombania nyumba na mimi nimefungiwa bure, kumbe kila aliyeniletea kashata alikuwa akiivuta ile nusu yangu, na anayenilea ndiye angeishika. Fungu la Mama mwenyewe halikufika hata chumba kimoja kizuri.

Hakuinua macho. "Ungejua, ungeona kila anayekupenda akudanganya," akasema. "Mtoto hawezi kuishi hivyo. Nikaona bora unichukie mimi, maana mimi siendi popote."

Kisha akausogeza ungo, akaniambia kazi imekwisha, sasa naweza kutoka nikacheze. Nilikuwa na umri wa kuolewa. Niliketi kando yake, nikautia mkono kwenye ungo, nikachambua, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka siku ile.