Tundu Pana Kuliko Bolti

Nimekuwa seremala tangu ujanani, na mbao hazijawahi kunificha kitu. Basi kamati ya gati letu la samaki, hapa Jomvu Kuu, ilipoamua sakafu mpya iwe ya faiba, mbao za plastiki zenye nyuzi za kioo, ikaniweka mimi kusimamia kazi. Nilianza kumshuku fundi aliyeletwa kuiweka kabla hajafungua mkoba wake. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, mpole, mchache wa maneno. Upole ule nao niliushuku.

Siku ya kwanza alizikataa skrubu nilizomwekea.

"Hizi hazishiki kwenye faiba, mzee. Meno yake yatasaga tundu mpaka zicheze."

Akataka bolti za kupenya hadi upande wa pili, za chuma kisichoshika kutu, pamoja na washa pana, vile visahani vya kukaa chini ya nati. Nikajiambia, huyu ana mwenzake dukani. Nikaenda Changamwe kuzinunua mwenyewe, duka nililolichagua mimi.

Kesho yake nikamwona akitoboa matundu mapana kuliko bolti. Kisha alikaza nati kidogo tu, akahamia inayofuata. Wallahi, nikaona hapa pana mchezo. Fundi gani huacha kiungo na nafasi?

"Mbona hukazi?"

"Nimekaza, mzee. Jua likiwaka ubao huu hutanuka, lazima upate pa kwenda. Na ukiubana sana hupasuka."

Niliitika, lakini sikuamini hata neno.

Alipokwenda kula nikachukua spana. Nikakaza nati ya kwanza, nikakaza ya pili. Ya tatu ikalia kidogo, kama ganda la njugu, na ufa ukatoka tunduni ukakimbilia ukingoni. Nikairudisha spana pale pale, nikaenda kukaa kivulini.

Aliporudi hakupaza sauti. Alipiga magoti, akaupitisha ukucha juu ya ufa.

"Nani amegusa hapa?"

Vibarua wawili waliokuwa wakimsaidia wakatazamana. Naye akaanza kuwatazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulitaka kujua nini, mzee?"

"Kama unatuibia."

Alizilegeza zile nati mbili, akaniagiza nilete ubao mwingine, nami nikaenda mbio.

Kazi ilikwisha, na mpaka leo sakafu imetulia. Siku ya mwisho nilimkaribisha nyumbani kwa chakula cha mchana. Alinishukuru kwa adabu, akasema amekuja na chakula chake.